Mwendo na Majina Yake

Sisi watu wa pwani tumejaliwa minazi, na kwa hiyo nazi kwetu haina jina moja. Ikiwa changa kabisa ni kidaka, ikikua kidogo ni kitale, ikijaa maji ni dafu, ikianza kukomaa ni koroma, ikikomaa ndipo inapoitwa nazi, na ikikaukia ndani ya kifuu chake ni mbata. Mgeni anayetoka mahali pasipo minazi huona tunda moja pale ambapo mtoto wa Pangani anaona sita. Si kwamba mgeni hana macho, bali lugha yake haikuwa na haja ya kuyatenga. Mahali penye shughuli nyingi ndipo lugha inapoweka majina mengi.

Basi Waarabu wa kale, ambao wengi wao maisha yao yalikuwa ni kuhama kutoka kisima kimoja hadi kingine, waliweka majina mengi katika mwendo. Jambo hili limenishughulisha tangu nilipostaafu ualimu mkuu. Nilipokuwa kazini sikuwa na nafasi. Mchana ulikuwa wa ratiba, madawati na vikao vya wazazi, na usiku ulikuwa wa kusahihisha madaftari. Sasa nafasi ninayo, ninazo na kamusi mbili tatu zilizochakaa, na nina goti la kulia lisilotaka niende mbali. Mtu asiyeweza kutembea sana hana budi kusoma habari za kutembea.

Kwa msomaji asiyejua Kiarabu, nieleze kidogo jinsi kilivyojengwa. Neno la Kiarabu kwa kawaida husimama juu ya konsonanti tatu, na hizo ndizo mzizi wake. Konsonanti hizo ni kama nguzo za nyumba. Irabu na viambishi ni udongo na makuti. Chukua nguzo k-t-b, zenye maana ya kuandika: ukizikandika namna moja unapata kitabu, namna nyingine katibu, namna ya tatu maktaba. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kupelekwa shule tulizijua irabu za Kiarabu tukiwa wadogo, tukiziimba hadi koo kukauka. Ambalo hatukuambiwa ni kwamba Waarabu wenyewe huziita irabu hizo fupi haraka, yaani miondoko. Konsonanti isiyo na irabu wanasema imetulia. Ikipata irabu inaondoka na kwenda. Kwao hata herufi zina miguu.

Neno hilo haraka, kwa asili yake, ni mwendo wowote, hata ule wa kobe. Lilipofika kwetu likashika maana ya upesi, na ile maana ya kwanza ikabaki kwa ndugu yake, harakati. Ndipo wahenga wetu walipopata kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Mwarabu akiusikia msemo huo kwa maana ya kwao atashangaa, kwani itakuwa kama kumwambia kwamba kuondoka kokote hakuna heri. Neno likivuka bahari halifiki na mizigo yake yote.

Katika mji wa Nishapur, ulio katika nchi ya Irani ya leo, aliishi mwanachuoni aliyeitwa al-Thaalibi, aliyezaliwa mwaka 961 na kufariki mwaka 1038. Aliandika kitabu kiitwacho Fiqh al-Lugha, ambacho maneno yake hayakupangwa kwa alfabeti bali kwa mambo yanayohusika. Humo anaugawa mwendo kwa kadiri ya mwendaji: mtoto mdogo ana kitenzi chake, kijana chake, mzee chake; kadhalika farasi, ngamia, kunguru, nyoka na nge. Hakuna anayeazima kitenzi cha mwenzake.

Kitenzi cha mtoto anayeanza kwenda kinatoka katika mzizi d-r-j, ambao ndani yake mna maana ya kupanda hatua moja baada ya nyingine. Mzizi huo ndio uliotupa sisi daraja. Fikiri, ndugu msomaji, ni mara ngapi mwalimu huulizwa neno hilo katika maisha yake: yeye ni mwalimu wa daraja gani, mwanafunzi wake kapata daraja la ngapi, mshahara wake uko daraja lipi. Ndani ya neno hilo zito la ofisini yumo mtoto wa mwaka mmoja anayesimama dede, akatupa mguu mmoja, akaanguka, akainuka tena.

Kijana naye hutembea kwa kitenzi cha mzizi kh-t-r, ambao katika mwendo una maana ya kwenda kwa maringo huku mikono ikipepea. Konsonanti hizo hizo ndizo zilizotuletea neno hatari. Mama yeyote mwenye kijana wa miaka kumi na minane atakubali ujirani huo bila kuonyeshwa kamusi.

Mzee amepewa mzizi d-l-f. Dalafa ni kwenda polepole kwa hatua fupi zilizokaribiana, kama mtu aliyeelemewa na mzigo. Neno hili halikuhamia kwetu, wala hatukulihitaji, kwani tulikuwa na letu la kujikongoja, lenye ndugu yake mkongojo. Lakini nilipolikuta kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Siku chache kabla yake nilikuwa nimepimwa goti, na katika karatasi niliyopewa mwendo wangu ulielezwa kuwa ni wenye kasoro. Sina ugomvi na karatasi ile, maana kazi ya tabibu ni kutafuta kasoro. Ila yule mwanachuoni wa Nishapur, zaidi ya miaka 900 iliyopita, hakuuhesabu mwendo wa mzee kuwa ni mwendo wa kijana ulioharibika. Aliupa kitenzi chake kamili, kama alivyompa ngamia na nge. Nge hatembei vibaya. Anatembea kinge.

Hapa ninalazimika, kama mwalimu, kutoa tahadhari. Mchezo huu wa mizizi ni mtamu, na utamu huwavuta watu kuunganisha visivyoungana. Kiswahili kimezipunguza sauti nyingi za Kiarabu, hata maneno ya koo mbalimbali yakaonekana kuwa ya nyumba moja. Hatua, hatari na hatia yanafanana kwetu kama pacha watatu. Katika Kiarabu kila moja lina mzizi wake, la kwanza la kupiga hatua, la pili la hatari, la tatu la kukosea. Vivyo hivyo safari na sifuri. Kwetu yote mawili yana s ile ile, lakini kwao ni herufi mbili tofauti, na anayesema kwamba safari ni kuanzia sifuri anatunga methali, hasemi asili ya neno. Asili ya safari inasemwa na wanachuoni wao kuwa ni kufunua, kwa kuwa safari huzifunua tabia za watu. Aliyewahi kuongoza wanafunzi arobaini katika basi moja hatabisha.

Sasa nije kwenye jambo lililonivutia kuliko yote. Hesabu vitenzi vya Kiswahili vya miguu yenyewe: kwenda, kuja, kutembea, kukimbia, kupita, kuruka, kutambaa, kunyata, kuchechemea, kupepesuka, kusimama. Vyote ni vya kwetu, vya Kibantu. Kisha hesabu maneno ya mwendo tuliyoyapata kwa Waarabu: safari, msafara, hatua, masafa, hija, hijra, ziara, kuwasili, kurejea, kurudi. Utaona mara moja jinsi yanavyotofautiana na yale ya kwanza. Hakuna hapo neno la jinsi mguu unavyokanyaga. Karibu yote ni maneno ya mwendo wenye mahali unapoelekea, wenye sababu, wenye mwanzo na mwisho. Miguu ilikuwa yetu tangu zamani. Tulichoazima ni majina ya safari.

Wala si ajabu. Maneno hayo yalikuja na jahazi, biashara na dini, na mambo yote matatu humtaka mtu aseme anakwenda wapi na atarudi lini. Katika karne ya 19 miji yetu ya Pangani na Bagamoyo ilikuwa vichwa vya njia za misafara ya kwenda bara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,000, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walizimaliza kwa nyayo zao wakiwa wamebeba vitambaa na shanga kwenda, na pembe za ndovu kurudi. Neno safari liliingia bara likiwa juu ya mabega ya watu. Baadaye Wazungu walilichukua kutoka kwetu, na leo linajulikana duniani kote kuwa ni kwenda kutazama simba. Yule mpagazi asingelitambua.

Na katika njia zile zile walipita wengine ambao neno safari haliwastahili kabisa. Kiarabu kina kitenzi rasafa, maana yake kutembea kwa mtu aliyefungwa minyororo miguuni. Kitenzi hicho hakikuingia katika Kiswahili, ingawa jambo lenyewe lilipita milangoni mwetu kwa miaka mingi, hadi biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku baharini mwaka 1873, na hata baada ya hapo kwa kificho. Mwenye msafara na mtumwa wake walikanyaga vumbi moja, siku moja, kuelekea mji mmoja. Mmoja alikuwa safarini, mwingine sivyo. Kwa hiyo si mguu unaoupa mwendo jina lake. Ni kama mwendaji ana hiari, na kama anajua anakokwenda.

Wako watu waliokasirishwa na wingi wa maneno ya Kiarabu katika lugha yetu, wakataka yapepetwe kama makapi. Wako na wengine wanaodai kwamba bila Waarabu Kiswahili kisingekuwa na neno la maana. Wote wawili ningewashauri watazame neno moja tu. Katika Kiarabu, mzizi s-y-r una maana ya kwenda. Kutokana nao limetoka neno sira, yaani namna mtu alivyokwenda katika maisha yake, na Waislamu husoma Sira ya Mtume kwa maana hiyo. Sisi nasi, kwa kitenzi chetu wenyewe cha kwenda, tumeunda neno mwenendo, na tukaendelea hadi maendeleo. Hakuna aliyemwigiza mwenzake. Watu wawili mbalimbali, kila mmoja akiwa kwake, walitazama jinsi binadamu anavyoweka mguu wake, wakaona humo tabia yake. Mzizi huo wa s-y-r ndio pia uliotupa sayari, zile nyota zinazotembea wakati nyingine zimetulia mahali pake. Katika Sura ya Yusuf neno hilo ni msafara uliomtoa Yusuf kisimani, na leo katika Kiarabu sanifu ndilo jina la gari.

Tena mambo makubwa ya akili nayo yalianzia miguuni. Madhehebu yanatoka katika kitenzi cha kwenda. Twarika inatoka katika neno la njia, na njia yenyewe imeitwa hivyo kwa kugongwa na nyayo. Sharia, kabla ya kuwa sheria, ilikuwa njia ya kuendea maji. Hija ni kuelekea mahali kwa kukusudia, na ndugu yake wa mzizi mmoja ni hoja. Hili la mwisho ningependa liandikwe juu ya mlango wa kila ukumbi wa mikutano. Hoja ni maneno yenye mahali yanapokwenda. Yasiyo na mahali ni kelele.

Huenda msomaji anajiuliza yanamfaa nini mzee wa miaka sabini na sita mambo haya. Yamenifaa. Mama watoto alifariki miaka mitano iliyopita, na tangu hapo nakaa peke yangu katika nyumba tuliyoijenga kwa mkopo wa ushirika, chumba kimoja kila likizo. Wanangu wako Dar es Salaam. Mwaka jana walikuja wote watatu kwa pamoja, nami nikajua kuna neno. Mkubwa akaanza: “Baba, hatukuambii uhame. Ni safari tu. Uje ukae nasi.”

Nilimwomba anipe muda, kwa kuwa neno alilolitumia silo lililokuwa moyoni mwake. Safari ina kurudi. Mzee akifunga nyumba yake, akagawa kuku, akakabidhi shamba, hiyo haiitwi safari, inaitwa hijra. Mzizi wa hijra, h-j-r, ni kuacha na kukata. Mtume alihama Makka mwaka 622; mji ule ukafunguka mwaka 630, akaingia akiwa mshindi, lakini hakurudi kukaa. Alirejea Madina, na huko ndiko alikofariki mwaka 632 na kuzikwa. Hijra huamua hata kaburi. Nami kaburi la mwenzangu liko hapa, chini ya mwembe, nyuma ya msikiti. Kila Alhamisi jioni nalizuru. Mwendo wa dakika tano wa zamani sasa unachukua robo saa, kwa ule mwendo wa dalafa, nikipumzika mara moja kwenye jiwe.

Niliwaeleza wanangu hivyo. Walinisikiliza kwa adabu, kisha binti yangu akasema, “Sawa Baba. Lakini ukianguka usiku, nani atakusikia?” Hiyo ilikuwa hoja, na ilikuwa na mahali inapokwenda. Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Mlinzi hana masikio ya mtoto.

Tulizungumza hadi usiku mkubwa. Lililotutoa ni neno jingine la mwendo. Waarabu huita msafara kafila, kutoka mzizi q-f-l, ambao ndani yake mna maana ya kurudi. Wanachuoni wao wanasema kwamba msafara uliitwa hivyo tangu siku ya kuondoka, kwa kuombewa heri, yaani “warejeao”. Walioachwa nyuma waliwataja waendao kwa jina la marejeo yao. Nikawaambia wanangu, kama mtaniita kwa jina hilo, nitakuja. Tukakubaliana kwamba wakati wa masika, njia zinapoteleza na goti likawa halina msaada, nitakaa kwao. Mvua zikikatika nitarudi kwangu, na mjukuu mmoja aliyemaliza kidato cha nne atakuwa nami. Majahazi yalifanya hivyo karne nyingi, yakija na kaskazi na kurudi na kusi, wala hakuna aliyesema nahodha hana kwao.

Masika ya mwaka huu nilikwenda, nikarudi. Kurudi nako ni neno la kutazamwa, mzizi r-d-d. Kwa Kiarabu ni kurudisha kitu kilikotoka. Kwetu nguo ikirudi imepungua, na mtoto akirudiwa ameonywa ashike njia. Nilipofungua mlango wangu nilijiona nimepata yote mawili: nimepungua kidogo, na nimeonywa. Dar es Salaam nilitunzwa vizuri, na wajukuu walinishika mkono kila ngazi. Mwaka ujao, au mwingine, huenda sitaweza kurudi, na hapo wanangu watakuwa na haki ya kulitafuta jina jingine. Nimewaambia mapema walitaje waziwazi, wasiliite safari.

Liko neno moja la mwisho. Mzizi q-s-d una maana ya kuelekea mahali moja kwa moja, na pia kwenda kwa wastani, bila kukimbia wala kuzembea. Ndio uliotumika pale Kurani inapomtaja Luqman akimuusia mwanawe awe na kiasi katika mwendo wake. Sisi tumeupata katika neno kusudi. Nimepima maneno mengi ya mwendo katika miaka hii ya kustaafu, na hili naliona linanitosha. Halisemi hatua iwe ndefu kiasi gani. Halimtaki mtu awe kijana, wala awe na magoti mawili mazima. Linamtaka ajue anakokwenda, na aelekee huko. Mwanafunzi anayesimama dede analo, na mzee mwenye mkongojo anaweza kuwa nalo. Alhamisi ijayo, Mungu akipenda, nitalichukua pamoja na fimbo yangu.